Tulivyomwombea Ugavana Mtunzi wa Nyimbo

Sauti ya yule mama niliizoea kabla sijawahi kuiona sura yake. Ilikuwa inatoka kwenye redio ya kaseti ya gari la mtu mwingine, asubuhi, tukitoka Malvern kwenda kiwandani Brampton, na miezi ya kwanza sikuelewa hata nusu ya maneno. Nilielewa tu kwamba ni mtu mzima anayeimba bila kupiga kelele, na gitaa moja, na kwamba mwenye gari hakuwa tayari kusikia kitu kingine chochote.

Mwenye gari alikuwa mzungu wa miaka sitini na sita, mzaliwa wa mji mdogo wa machimbo ya nikeli kaskazini mwa Ontario. Aliendesha foklifti, mashine ya kunyanyulia mizigo, kwenye chumba baridi cha kiwanda cha kuku, na mimi nilikuwa napanga maboksi humo humo. Kwetu Njombe nilikuwa mwalimu wa sekondari, tena wa Kiswahili, somo ambalo Toronto halimpi mtu kazi. Siku moja ya theluji aliniona kituo cha basi nje ya kiwanda, akasimamisha gari, akashusha kioo.

"Unakaa wapi?"

"Malvern."

"Na mimi nakaa Malvern. Sasa unasubiri nini hapo?"

Asiyeijua Toronto hawezi kuuona ukubwa wa bahati ile. Malvern iko pembe ya mashariki, Brampton iko magharibi, na jiji zima limelala katikati. Kwa basi nilikuwa natumia saa mbili na nusu kwenda, na kurudi zaidi ya hapo. Kwa gari lake ilikuwa saa moja, barabara kuu ikiwa na huruma. Nilipomuuliza nimchangie nini, alitikisa kichwa. "Sharti ni moja. Redio usiiguse."

Nilianza kumwita Mzee wiki ile ile. Aliuliza maana yake, nikamwambia ni neno la heshima, akalipenda, akawa anawalazimisha vijana wengine wa foklifti wamwite hivyo. Yeye aliniita Ticha. Alikuwa mtu wa maneno machache na kikohozi kirefu. Alikuwa akikohoa mpaka anashika usukani kwa mkono mmoja na mwingine anaubana kifuani, kisha anafuta midomo na kuendelea kama hakuna kilichotokea. Nilipomwambia aende hospitali alisema hospitali wanajua, wamejua siku nyingi, ni vumbi la mgodini.

Mwaka wa pili wa safari zetu mama yangu alifariki. Karatasi zetu za ukaazi zilikuwa bado, na wakili alikuwa ameshanionya kwamba nikitoka Kanada wakati ule huenda nisirudi, na mke wangu na binti yetu wakabaki peke yao. Kwa hiyo nilimzika mama kwa simu. Ilikuwa Jumamosi asubuhi kwetu huku, alasiri kule. Mdogo wangu alikuwa ameishika simu juu juu, picha inakatika; nikaona miguu ya watu, udongo mwekundu, kanga, kisha paji la uso la shangazi. Nikamsikia mchungaji akisema kwamba mtoto wa kwanza yuko ng'ambo, na udongo wake utawekwa na mkono wa mdogo wake. Kisha mtandao ukaondoka. Ulipokuja tena, walikuwa wanagawa chakula.

Jumatatu nilienda kazini. Mzee hakujua lolote, na mimi sikuwa na nia ya kumwambia. Alitia kaseti yake kama kawaida, na kwa sababu ambayo hata leo sijui, siku ile Kiingereza cha yule mama kilinifunguka chote. Wimbo ulikuwa wa mwanamke mpishi kwenye treni. Anafika stesheni moja, analetewa habari kwamba baba yake amekufa, na treni inaondoka, na abiria wana njaa. Basi. Wimbo mzima hauna zaidi ya hayo; anarudi jikoni kukata vitunguu, na watu wanadhani ni vitunguu.

Nililia. Sikulia kiume, nililia mpaka nikashindwa kupumua, kofia nimeibana mdomoni. Mzee alitoka barabara kuu kwenye njia ya kwanza aliyoiona, akaingia uwanja wa duka la kahawa, akazima injini.

"Nani?" aliuliza.

"Mama."

"Lini?"

"Wamemzika juzi."

"Na umekuja kazini."

"Ningeenda wapi?"

Alikaa akitazama mbele, wapita njia wakiteleza na vikombe vyao mkononi, halafu akaanza kunisimulia jambo ambalo, nilikuja kujua, hakuwa amewasimulia wengi. Zamani, yeye akiwa kijana, mwamba uliporomoka mgodini kwao ukaua wanaume wanne. Mmoja alikuwa mdogo wake. Yule mama mtunzi wakati ule alikuwa ameanza kusikika redioni nchi nzima. Alifika mjini kwao siku ya mazishi, peke yake, kwa basi, bila kualikwa na mtu. Aliimba nyimbo mbili kanisani na kutoka. Watu wakadhani ameshaondoka.

"Mchana niliingia jikoni, kwenye ukumbi tulipokuwa tunalisha watu," Mzee alisema. "Nilitaka maji. Nikamkuta amekunja mikono ya gauni, anaosha sahani. Yeye na akina mama wa mtaani. Aliosha mpaka zikaisha. Hakuna aliyepiga picha, Ticha. Hakuna gazeti lililoandika. Niliona mimi na wale akina mama, na wote wameshakufa."

Kwetu, mtu hujulikana msibani. Kuna wanaokuja kukaa kwenye viti, na kuna wanaoingia jikoni moja kwa moja bila kuuliza wakae wapi. Mzee hakuwa na haja ya kunieleza zaidi. Tulichelewa kazini dakika arobaini, msimamizi akatuandika, na tangu siku ile yule mama akawa wangu pia.

Mwaka uliofuata, Mzee alikuja kunichukua nje ya jengo letu akiwa na karatasi kwenye bahasha ya kaki. Macho yake yalikuwa na kitu nisichowahi kukiona. Muda wa Gavana Mkuu aliyekuwepo ulikuwa unakaribia kwisha, alisema, na wapenzi wa nyimbo za yule mama walikuwa wameanza kukusanya sahihi, nchi nzima, kumwomba Waziri Mkuu ampendekeze yeye.

Nilimwomba anieleze cheo chenyewe, maana nilikuwa nimekiona kwenye kitabu cha mtihani wa uraia lakini hakikuniingia.

"Nchi hii ina mfalme," alisema, "na mfalme anakaa ng'ambo. Gavana Mkuu anakaa badala yake. Anatia sahihi kwenye sheria, anafungua Bunge, anawavisha watu nishani, anahudhuria mazishi makubwa."

"Anatawala?"

"Hatawali chochote."

"Sasa mnamtakia nini cheo kisicho na nguvu?"

"Ndiyo maana," alisema. "Chenye nguvu kingemharibu. Mimi nataka mara moja tu, kabla sijafa, anayesimama badala ya nchi hii awe mtu aliyeosha vyombo kwenye msiba wetu."

Niliichukua ile karatasi nikaisaini juu ya goti langu, gari likitembea, na jina langu likatoka limepinda.

Kamati ya kampeni hiyo ilikuwa inakutana chumba cha mikutano cha maktaba moja ya Scarborough, kila Jumamosi saa nane mchana. Tulikuwa watu kumi na mmoja. Mwenyekiti alikuwa mwalimu mstaafu wa piano, mama mwembamba mwenye sauti ya upole, anayeandika kila kitu kwa penseli. Waliobaki walikuwa wastaafu, wajane, na bwana mmoja aliyekuja na mbwa mzee. Mweusi nilikuwa peke yangu, na nadhani wa pekee mwenye umri chini ya miaka hamsini. Walinipokea vizuri. Walinipa biskuti, wakaniuliza Kiswahili cha "wimbo", wakacheka vizuri. Nilikaa Kanada miaka sita bila mtu kuniuliza maoni yangu juu ya kitu chochote isipokuwa kama mgongo unauma. Pale waliniuliza, na walichoandika kwa penseli kilikuwa pamoja na maneno yangu.

Nilipewa Malvern, maana naijua. Nilipanda na kushuka ngazi za majengo yetu, nikagonga milango. Watu wengi walidhani nauza intaneti. Nilijifunza kusema haraka, kabla mlango haujafungwa, kwamba siuzi kitu na siombi kitu ila jina. Wengine walisaini kwa huruma. Mzee mmoja wa Kijamaika alisaini baada ya kuniimbisha wimbo mmoja wa yule mama ukumbini kwake, akisema anataka kuhakikisha simdanganyi.

Kanisani kulikuwa kugumu zaidi. Ibada yetu ya Kiswahili ilikuwa inafanyika kwenye ukumbi wa kukodi, Watanzania wachache, Wakenya wengi, na baada ya ibada kuna chai. Mchungaji alinipa dakika mbili za tangazo. Nilipomaliza, watu wakaelekea kwenye chai.

Dada mmoja Mkenya, nesi, tunaheshimiana sana, alinifuata kwenye meza ya chai. "Sasa, Mwalimu," alisema, "mimi natafuta mtu wa kunisaidia na form za uhamiaji za ndugu yangu, miaka miwili hata simu hawashiki. Na wewe unatafutia mzungu kazi? Si wako nazo zote?"

"Si kazi, dada. Ni heshima tu."

"Hata hiyo wako nayo."

Watu walicheka, na mimi nikacheka nao, maana alikuwa sahihi. Lakini nikamsimulia habari ya sahani. Nilimsimulia tukiwa tumesimama, chai inapoa. Alichomoa kalamu mfukoni mwa koti, akasaini, akawaita wenzake kwa kidole. Siku ile nilirudi nyumbani na karatasi tatu zilizojaa. Mke wangu, ambaye anahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia na huwa anarudi miguu imevimba, alinitazama nikizipanga mezani.

"Miaka mingi sijakuona hivi," alisema.

"Hivi vipi?"

"Kama mtu mwenye shughuli zake."

Mwezi wa kumi na moja gazeti moja la mtaani lilimtuma mpiga picha maktaba. Mwenyekiti alisema mimi nisimame mbele na karatasi mkononi, kwa sababu, alisema, inaonyesha yule mama ni wa wote. Nilivaa koti langu la suti nililokuja nalo kutoka nyumbani. Picha ilitoka nzuri, na maelezo yake yakataja kwamba nafanya kazi kiwanda cha kuku.

Siku ya tatu binti yetu, wakati ule ana miaka kumi na tano, aliingia sebuleni na simu ameificha nyuma. Yeye Kiswahili anakielewa chote na anajibu kwa Kiingereza. Aliniambia kwa Kiingereza chake cha haraka kwamba picha yangu imesambaa, na kwamba nisisome yaliyoandikwa chini yake. Basi nikasoma. Sitayarudia yote. La upole lilisema nimefika jana na leo nawachagulia watu Gavana. Mengine yalitaja ngozi yangu, na kuku, na kurudi nilikotoka. Mmoja aliandika mtaa wetu, akauliza nani anamjua huyu. Binti yangu alikuwa amesimama nyuma ya kochi muda wote, na nilipogeuka nikaona anasoma uso wangu badala ya simu. Nilimwambia hayo ni maneno ya watu wasio na kazi. Hakuniamini.

Jumamosi nilikwenda mkutanoni kama kawaida, nikidhani watasema pole. Walisema. Mwenyekiti alisema pole mara mbili, halafu akaweka penseli chini.

"Tumeongea kidogo kabla hujafika," alisema. "Tunafikiri, kwa usalama wako, usionekane kwa sasa. Na huenda kampeni ingesikilizwa zaidi kama sura yake ingekuwa ya mtu ambaye watu wanamwona ni wa hapa. Si sisi, unaelewa. Ni wao."

Yule bwana mwenye mbwa alikubali kwa kichwa. Niligeuka kumtazama Mzee. Alikuwa amekaa viti viwili kutoka kwangu, anaangalia ndani ya kikombe chake. Nilingoja. Nadhani nilingoja muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu, chumba kizima kiliona namngoja nani. Hakuinua macho. Nikaweka karatasi zangu mezani, nikavaa koti, nikatoka kumngoja garini kwa sababu sikuwa na usafiri mwingine, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Aliendesha bila kuwasha redio. Karibu na nyumbani alisema, "Ticha."

"Endesha tu, Mzee."

Jumatatu nilipanda basi.

Nilipanda mabasi majira yale yote ya baridi, matatu kwenda na matatu kurudi. Nilikuwa natoka binti yangu hajaamka na kurudi ameshakula. Wiki za kwanza Mzee alipunguza mwendo kila akipita pale kituoni nje ya kiwanda, na mimi nilikuwa natoa simu na kuitazama mpaka apite. Kazini tulisalimiana kwa kichwa. Sijivunii. Nilikuwa najiambia kwamba akitaka kusema neno, anajua nilipo, maboksi hayahami. Yeye labda alikuwa anajiambia hivyo hivyo kuhusu foklifti.

Katikati ya majira hayo Gavana Mkuu mpya alitangazwa. Tulikuwa kwenye chumba cha kulia, televisheni ukutani. Alikuwa mtu mwingine kabisa, mtu wa heshima zake, sina neno baya juu yake. Nilimtafuta Mzee kwa macho. Alikuwa amesimama mlangoni na kikombe mkononi. Alisikiliza mpaka mwisho, akageuka akatoka, na baada ya wiki hiyo sikumwona tena. Msimamizi alisema yuko likizo ya ugonjwa. Foklifti yake akapewa mtu mwingine.

Sikumpigia. Wiki tatu zilipita, mke wangu akanihoji jikoni.

"Mtu aliyekubeba miaka mitatu, unamsusia kwa maneno ambayo hata si yeye aliyeyasema?"

"Ndilo kosa lake hilo. Hakusema."

"Haya. Ukitaka kumgombeza, kamgombeze angali anasikia."

Nilimkuta wodi ya mapafu, kitanda cha dirishani, mipira ya oksijeni puani. Alikuwa amekuwa mdogo. Mikono tu ndiyo iliyobaki ya ukubwa wake wa zamani, imelala juu ya shuka kama vitu vya mtu mwingine. Aliponiona alijaribu kujiinua, nikamwambia alale. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu kwenye basi, kwa Kiingereza, kwa mpangilio. Lakini yeye alianza.

"Aliandika barua," alisema.

"Nani?"

"Yeye mwenyewe. Mwezi wa kumi. Kwa kamati." Alikuwa anavuta pumzi kati ya kila maneno matatu, manne. "Mtoto wa dada yake alimwandikia, yeye akaweka jina chini. Alisema anatushukuru, na hapana. Anaumwa. Anasahau. Alisema anasimama jikoni anasahau maneno ya nyimbo zake mwenyewe, na hataki watu wamwone hivyo kwenye kiti kile. Akatuomba tuache."

Nilihesabu miezi kichwani. Picha yangu ilipigwa mwezi wa kumi na moja.

"Mlijua," nilisema. "Nilivyosimama pale na zile karatasi, mlijua ameshakataa."

"Wewe hukuwepo siku ile barua iliposomwa. Ulikuwa zamu. Mwenyekiti alisema ni ugonjwa unaosema, atabadilika. Tukapiga kura ya kuendelea, na tusiwaambie watu."

"Na wewe?"

"Niliinua mkono."

"Kwa nini, Mzee?"

Alifumba macho. "Jumamosi saa nane," alisema. "Ningeenda wapi?"

Sijui nieleze vipi nilichosikia mwilini. Kilikuwa hasira, ndiyo, hasira ya kuinuka na kuondoka. Niliiona milango niliyogonga, dada nesi akichomoa kalamu, binti yangu nyuma ya kochi. Yote hayo nilibebeshwa kwa ajili ya jambo lililokwisha. Na wakati ule ule nilikiona kile chumba cha maktaba, biskuti kwenye sahani ya karatasi, watu kumi ambao hakuna mahali pengine wanapongojewa. Nilikuwa nimekaa nao. Na mimi nilikuwa naingoja Jumamosi tangu Jumanne.

Sikuondoka. Aliomba maji, nikamshikia kikombe, mengine yakamwagika kidevuni nikamfuta. Tuliongea kidogo juu ya foklifti, kwamba kijana aliyepewa anaigonga ukutani. Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, nesi akaja. Nilipokuwa naaga alinishika mkono wa koti.

"Siku ile maktaba," alisema. "Nilikuwa na la kusema. Lilikuwa mdomoni."

"Pumzika, Mzee."

Sikumwambia nimemsamehe, kwa sababu sikuwa nimemsamehe. Nilikuwa njiani kumsamehe. Niliona nitakuja tena Jumamosi, na pengine siku hiyo neno lingekuwa tayari. Alikufa Alhamisi.

Niliambiwa na mwanawe, aliyekuja kutoka Alberta na aliyekuta namba yangu kwenye simu ya baba yake, imeandikwa Ticha. Alinieleza kwamba mwili umeshachomwa, kwamba hakutakuwa na ibada wala mkusanyiko, baba yake hakuwa na watu. Alisema hivyo bila ubaya. Nikasema pole kwa Kiingereza, neno dogo lisilofanana na la kwetu. Kisha akauliza: chini kwenye basimenti kuna maboksi manne ya karatasi zenye majina ya watu, yule mwenyekiti amesema hana nafasi nayo, je, nayataka, au ayatoe nje na takataka?

Nilikwenda kuyachukua na mke wangu, kwa gari la mchungaji. Hatukutaka majina na anwani za watu wetu zipeperuke barabarani, na mashine ya kukatia karatasi hatukuwa nayo, kwa hiyo tulizikata kwa mikasi, mezani jikoni, jioni tatu mfululizo. Jioni ya pili binti yetu alivuta kiti akachukua mkasi bila kuombwa. Alikata muda mrefu. Halafu akaniuliza, kwa Kiingereza, yule mzee alikuwa nani kwangu.

Nilitafuta neno. Rafiki, kwa Kiingereza, wanamwita hivyo hata mtu waliyekutana naye mara moja. Ningesema ndugu, angeniuliza kwa mama gani.

"Alikuwa ananipa lifti," nilimjibu kwa Kiswahili.

Aliitikia kwa kichwa kwamba ameelewa, akaendelea kukata.

Yule mama mtunzi alikufa mwaka uliofuata, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, mbali na Toronto. Nilisoma habari yake kwenye simu wakati wa mapumziko, glavu nimezibana kwapani. Ilikuwa makala ndefu, nzuri, yenye picha zake za ujana. Ilitaja tuzo zake, ilitaja ugonjwa wake, ilisema miaka ya mwisho alikuwa hawatambui watu. Karibu na mwisho palikuwa na sentensi moja kutuhusu. Ilisema kikundi kidogo cha wapenzi wake kiliwahi kumwombea cheo cha Gavana Mkuu, na kwamba alikataa mara moja.

Niliisoma sentensi ile mara kadhaa. Kengele ya kurudi kazini ikalia. Jioni nilipofika nyumbani, nilimwambia mke wangu kwamba yule mama amefariki. Alikuwa ameketi, miguu kwenye beseni la maji ya moto. Alisema, "Pole, Mwalimu," kama mtu anavyomwambia mfiwa, akasogea pembeni nipate pa kukaa.